Kiwiko cha Didas Kalinga

Gogo lilimbana Didas Kalinga mwezi wa Oktoba, mwaka hamsini na nne, kwenye msitu wa milimani juu ya Igawa, na kabla hajatoka hospitali alikwisha kumpata mtu wa kumlaumu.

Didas alikuwa mpasua mbao wa Kihesa, pale Iringa, mwanamume wa miaka arobaini hivi, mabega mapana, mdomo usiojua kuomba radhi. Kupasua mbao wakati ule ilikuwa kazi ya watu wawili. Mlichimba shimo refu, mkalilaza gogo juu yake, mkalizuia lisibingirike kwa kabari za mti mgumu. Mmoja alisimama juu ya gogo, mwenzake akaingia shimoni, na msumeno mrefu wenye mpini huku na huku ukapanda na kushuka kati yao kutwa nzima. Wa juu aliongoza mstari, wa chini alikula vumbi la mbao. Kwa miaka mitatu Didas alikuwa wa juu, na wa chini alikuwa Isakwisa, kijana wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, mchache wa maneno na mwepesi wa kazi.

Asubuhi ile Isakwisa alisema kwamba gogo hilo likiisha ataondoka. Amepata msumeno wake, atapasua mbao kwao pamoja na kaka yake Asukile.

"Nani amekufundisha kazi?" Didas aliuliza.

"Wewe, kaka."

"Basi ingia shimoni."

Walifanya kazi bila kusemezana. Kufika saa nne gogo lilitakiwa kugeuzwa. Desturi ilikuwa wa chini apande kwanza, wote wawili wawe juu, ndipo kabari itolewe. Didas hakungoja. Alishuka kutoka juu ya gogo, akaigonga kabari kwa nyuma ya shoka, mara moja, mara mbili, Isakwisa akiwa bado ndani ya shimo. Kabari ikaruka. Gogo liliyumba kuelekea shimoni, likakwama kwenye kifundo cha tawi, kisha likarudi upande wa Didas kwa uzito wake wote, likamlaza chini na kukisaga kiwiko chake cha kulia juu ya jiwe.

Isakwisa ndiye aliyepanda akaliinua gogo kwa mtaimbo. Ndiye aliyeufunga mkono kwa shati lake mwenyewe, akambeba Didas mgongoni kuteremka mlima mpaka barabarani Igawa, akakaa naye juu ya magunia ya mpunga katika lori hadi Iringa. Hayo yote Didas aliyakumbuka. Lakini ndugu zake walipomzunguka kitandani wakauliza imekuwaje, alisema, "Mnyakyusa ametoa kabari." Wakati huo alikuwa na homa. Homa ilikwisha, na neno lile akaliacha lilivyo.

Daktari wa misheni aliyempasua alikuwa Mzungu mrefu, mwenye kusema Kiswahili cha kukatakata.

"Mifupa ya hapa ilikuwa kokoto," alimwambia, akionyesha plasta. "Nimeitoa. Kwetu Ulaya wako madaktari wanaoweka kiwiko cha chuma, kama bawaba ya mlango. Mimi sina chuma hicho. Nimekata utando pajani mwako, nimeuweka katikati ya mifupa ili isishikane. Plasta ikitoka, mkono ukunjwe na kunyooshwa asubuhi na jioni. Usikunje mwenyewe, utaogopa. Mtu mwingine akukunje."

"Utauma?"

"Utalia. Lakini ukiuacha utakaza, na ukikaza mara hii sina dawa nyingine."

Kisha akamgeukia Marta, mke wa Didas, akamwonyesha namna ya kupima: mkono ukikunjwa, uhesabu upana wa vidole vingapi umebaki kati ya dole gumba na mdomo. "Kila juma kidole kimoja kipungue. Kimoja tu. Ukilazimisha viwili, utachana nilichoshona."

Mwezi wa Novemba baraza liliketi kule karibu na msitu. Didas alipanda lori akiwa na plasta yake, akasimama mbele ya Mzee Saulo, mkubwa wa baraza, akasema maneno yaleyale. Hakuna mtu wa tatu aliyekuwapo siku ile. Isakwisa alisema, "Sikutoa kabari mimi." Mzee Saulo akamwuliza ni nani basi aliyeitoa. Isakwisa alimtazama Didas, akangoja. Baraza zima likangoja pamoja naye. Didas alikuwa akiitazama plasta yake kama aliyeandikiwa kitu hapo.

Wazee waliona mkono uliovunjika, wakaona na kijana asiyejitetea. Wakaamua kwamba Isakwisa aende Iringa akalilime shamba la Didas, apande, apalilie na kuvuna, mpaka daktari aandike kwa mkono wake kwamba mgonjwa amepona.

Alifika Kihesa mwanzo wa Desemba, mvua za kwanza zikiwa zimeshuka. Didas alikuwa ameketi barazani mwa nyumba yake, plasta imetolewa siku mbili nyuma, mkono umelala mapajani umekonda kama wa mtu mwingine.

"Kamwene," Isakwisa aliitikia salamu ya Marta kwa Kihehe alichojifunza msituni. Alitua mzigo wake, akatoa jembe.

"Hunisalimu?" Didas akauliza.

"Nimetumwa kulima. Shamba liko wapi?"

"Mnakula nini ninyi huko kwenu, ndizi tu? Hapa utalima kwa ugali."

"Shamba liko wapi?"

Marta akamwonyesha. Akampa ghala la mahindi lililokuwa tupu alale humo, na chakula chake akawa anampelekea hukohuko, kwa sababu Didas alisema hawezi kula sahani moja na mtu aliyetaka kumwua. Aliyasema haya bila kumeza mate. Alikuwa ameyasema mara nyingi mno, mpaka ilimwia vigumu kukumbuka sauti ya shoka juu ya kabari.

Basi Marta akaanza kuukunja mkono. Alishika kifundo kwa mkono mmoja na juu ya kiwiko kwa mwingine kama alivyoonyeshwa, akavuta. Didas alipiga ukelele uliowatoa majirani ndani. Marta akauachia, machozi yakimtoka yeye. Asubuhi ya pili ikawa hivyohivyo. Siku ya tano Didas alisema, "Acha, Marta. Nitakuwa najikunja mwenyewe mchana, polepole." Marta, ambaye usingizi ulikuwa umemhama kwa ajili ya kelele zile, alishukuru.

Didas hakujikunja. Siku za kwanza alikuwa anaogopa maumivu, hilo ni kweli. Lakini alipokuwa amekaa pale barazani akimwangalia Isakwisa akipiga matuta kwenye mvua, mgongo umepinda, suruali imemganda miguuni, aliona raha iliyopita raha ya kupona. Kijana aliyetaka kumwacha, awe na msumeno wake, awe wa juu, sasa analima kwake. Na atalima mpaka daktari aandike. Na daktari hataandika kama mkono haukunjiki.

Mwisho wa Januari walikwenda hospitali. Daktari alipima kwa rula yake ya kukunja, akapima tena, akavua miwani.

"Vidole tisa kutoka mdomoni. Mwezi uliopita vilikuwa tisa. Mnakunja kweli?"

"Kila siku, daktari," alisema Didas.

"Basi mnakunja mkono mwingine. Miezi miwili zaidi hivi, imekwisha."

Njiani Marta alilia. Didas alikuwa akipiga mluzi.

Juma lile Crispin, jirani yao, alikuwa amegema ulanzi mzuri kutoka mianzi yake, na wanaume walikusanyika kwake mchana wa Jumapili. Marta alipita nyuma ya ua akitoka kisimani, ndoo kichwani, akasikia sauti ya mumewe ikicheka.

"Daktari anasema utakaza," alikuwa akisema Didas. "Ukaze! Mkono ukikaza, Mnyakyusa atazeekea shambani kwangu. Atazikwa kwenye matuta yangu."

"Na wewe utakula kwa mkono gani?" Crispin aliuliza.

"Ninao wa kushoto."

Marta alisimama mpaka maji ya ndoo yakatulia. Hakwenda nyumbani. Alipita moja kwa moja mpaka shambani, akaitua ndoo mbele ya Isakwisa aliyekuwa akipalilia.

"Shemeji," alisema, "mume wangu anauua mkono wake ili wewe usiondoke."

Isakwisa alifuta jembe kwa kidole. "Nimejua tangu Krismasi. Ninamwona kutoka hapa. Anakaa tu."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nilisema barazani, ikawa nini?"

"Mimi sina nguvu ya kumkunja. Akilia, mikono yangu inalegea."

Isakwisa alishika tena jembe. "Yangu hailegei," alisema.

Siku iliyofuata, jua halijapanda sana, walimjia wote wawili. Didas alikuwa anakunywa uji kwa mkono wa kushoto. Marta alikiondoa kikombe, akakaa nyuma yake, akamkumbatia mabega kwa nguvu zote. Isakwisa alipiga magoti mbele.

"Lete mkono."

"Nani amekuruhusu kuingia hapa? Marta! Mwondoe huyu mbwa!"

"Nimemwita mimi," alisema Marta masikioni mwake. "Nilikusikia kwa Crispin."

Didas alipiga teke, likampata Isakwisa kifuani. Isakwisa hakurudisha. Alimshika kifundo cha mkono, akamshika juu ya kiwiko, akaanza kukunja, taratibu, bila kusita, kama mtu anayepinda mti mbichi. Didas alitukana. Alimtukana Isakwisa, akaitukana Rungwe na migomba yake, akamtukana Marta na ukoo wake. Kisha matusi yakaisha, kikabaki kilio kitupu.

"Umetaka kuniua msituni, sasa unanimalizia," alisema akihema.

"Sitaki maneno yako," alijibu Isakwisa. "Nataka mkono wako. Ukipona, nakwenda kwetu." Akamwuliza Marta, "Vidole vingapi?"

"Nane."

"Basi leo nane." Akauachia, akachukua jembe lake.

Jioni walirudi. Kesho yake walirudi. Didas alijaribu kufunga mlango, Marta akaufungua. Alijaribu kwenda kwa Crispin asubuhi na mapema, Isakwisa akamfuata hukohuko na kumkunja mbele ya watu waliokuwa wanakunywa, Crispin akiwazuia wengine wasicheke. Majirani walisema ni ukatili. Mama mmoja alimwambia Marta kwamba amemkabidhi mumewe kwa adui. Marta akajibu, "Ninyi mnaompenda, njooni basi mumkunje." Hakuna aliyekuja.

Hapakuwa na urafiki uliozaliwa katika kazi hiyo. Isakwisa hakumtazama Didas usoni hata siku moja. Alitazama kiwiko tu, jinsi anavyotazama mpasua mbao mahali msumeno utakapopita. Didas naye alimchukia zaidi ya zamani, maana sasa alimwogopa. Hata hivyo vidole vikawa saba, vikawa sita. Mwezi wa Machi vilikuwa vinne, na mkono ulikuwa umeanza kushika nyama.

Katikati ya mwezi ule ilikuja barua kutoka Rungwe, imeandikwa na Asukile, imepitia mikono mingi na kuchafuka kingo. Isakwisa aliisomea shambani amesimama. Kisha akaiweka mfukoni, akapalilia matuta mawili mpaka mwisho. Marta alipompelekea chakula aliona uso wake, akauliza.

"Mama yangu amekufa," alisema. "Siku kumi na sita zimepita. Wamekwisha mzika."

Marta alirudi nyumbani akamweleza Didas. Baadaye Didas akasema, "Leo basi hatakuja."

Isakwisa alikuja. Alipiga magoti palepale pa kila siku, macho mekundu, udongo wa shamba bado mikononi. Marta alimshika Didas mabega, na safari hii aliona alichokuwa akikiona Didas: mtu huyu ana mkono mbovu mikononi mwake, ana nguvu za kuuvunja vipande, na hakuna baraza ambalo lingemlaumu kwa kuvuta zaidi kidogo.

Isakwisa alikunja. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Didas hakulia safari hii. Aliangalia ule uso ulioinama, jasho linadondoka puani, taya zimekazwa, akasubiri sauti ya kitu kukatika. Dole gumba lilikaribia mdomo.

"Vingapi?" Isakwisa aliuliza.

"Vitatu," alisema Marta.

Hapo Isakwisa akaacha. Kidole kimoja, kama daktari alivyosema, si zaidi. Akaurudisha mkono mapajani mwa Didas, akanyanyuka, akatoka nje. Walimsikia akitapika nyuma ya ghala.

Didas alikaa pale mpaka chakula cha jioni kikapoa. Pasaka ilifika, watu wa Kihesa wakaenda kanisani, naye akaenda, lakini wengine walipopanga mstari kukomunika yeye alibaki kwenye benchi ameinamisha kichwa. Marta aliliona hilo. Hakumwuliza. Alikuwa mwanamke mwenye kujua kuhesabu, na ilikuwa Komunyo ya nne anayoiacha tangu Oktoba, kama mtu mwenye dhambi asiyoiungama.

Mwezi wa Mei, mahindi yakiwa yamekauka, daktari alipima kwa rula yake mara tatu. Didas aligusa mdomo. Aligusa sikio. Alinyoosha mkono karibu wote. Msumeno hatausukuma tena, daktari alisema, kiwiko kisicho na mfupa hakina nguvu hiyo. Lakini kula, kuvaa, kushika jembe jepesi na randa, vyote atafanya. "Nani amekukunja?" aliuliza. "Nataka kumwona huyo mtu." Didas akawa anafunga vifungo vya shati lake. Daktari akaandika barua ya baraza.

Isakwisa alivuna mpaka suke la mwisho, akalijaza ghala alimokuwa akilala, akafunga mzigo wake. Didas alimkuta akitoka.

"Isakwisa. Kabari ile niliigonga mimi."

"Najua," alisema Isakwisa. "Nilikuwa chini yake."

"Nitakwenda barazani nikaseme."

"Nenda au usiende. Mama yangu amezikwa." Akamuaga Marta kwa mikono miwili, akashika njia ya stendi ya malori. Marta alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amesikia kila neno. Kwa siku tatu alimpikia mumewe bila kumsemesha, na siku ya nne alisema, "Umesema utakwenda barazani. Twende."

Mzee Saulo alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Siku ile ulipokuwa hapa, ulikuwa na homa?"

"La, mzee."

"Ulikuwa na akili zako?"

"Nilikuwa nazo."

Mzee Saulo alimwashiria karani aache kuandika. "Umetufanya sisi wazee tumwadhibu mtu kwa kukuokoa wewe," alisema. Hakupaza sauti. "Utakwenda kwao Rungwe, useme haya mbele ya ndugu zake, wote, kwa kinywa chako. Karani ataandika jina lake limesafishwa. Lako tutaliacha lilivyo."

Walifika Rungwe siku ya ukungu na baridi, wakapanda njia katikati ya migomba mpaka nyumba ya Asukile. Asukile aliwaita ndugu zake na majirani. Hakuna aliyewaletea wageni kiti. Didas alisimama uwanjani, akavua kofia kwa mkono ule wa kulia, akayasema yote: ugomvi, shoka, kabari, uongo wa kitandani na uongo wa barazani, na mkono aliouzuia usipone. Kiswahili chake kilikuwa kizito, na pale alipokwama Asukile aliwafasiria watu kwa Kinyakyusa, uso wake ukizidi kuwa mgumu kwa kila neno alilotafsiri. Isakwisa alikuwa kando, akinoa meno ya msumeno mpya kwa tupa. Hakugeuka.

Didas alipomaliza, tupa iliendelea kulia kwenye chuma.

"Je, umesikia?" Asukile alimwuliza mdogo wake.

"Nimesikia."

"Una neno?"

"Sina."

Asukile akamgeukia Didas. "Umesikilizwa. Kaburi la mama yetu liko pale nyuma, lakini usilikaribie. Ondoka mvua haijaanza."

Didas akavaa kofia. Alikuwa ameandaa maneno mengine njiani, ya kuomba msamaha, akaona hayana mahali pa kutua. Waligeuka, Marta mbele, yeye nyuma. Walikuwa wamefika karibu na kijito waliposikia miguu inakimbia. Alikuwa Sekela, mke wa Asukile, amebeba mkungu mdogo wa ndizi mbivu kifuani. Alimpita Didas bila kumwangalia, akamfikia Marta, akamtwika.

"Hizi ni zako, mama," alisema. "Isakwisa ametuambia ulivyokuwa unampelekea chakula ghalani. Si za huyo."

Mvua iliwakuta barabarani. Lori lilipokuja walipanda nyuma, chini ya turubai, pamoja na wachuuzi wawili. Marta aliweka mkungu mapajani, akachuma ndizi moja, akaimenya na kuila polepole, akitazama nje. Akawapa wachuuzi nao wakala. Didas alikaa upande wa pili, mkono umekunjwa kifuani kwa sababu ya baridi, na mpaka wanafika Mbeya hakuomba hata moja.